Mkono wa Fundi Vuguvugu

Mtaani kwetu neno "vuguvugu" halikuwa la maji ya kuoga. Lilikuwa la trela. Trela ya boti ikishatengenezwa huvutwa hadi njia panda na kurudi, kisha fundi hushika kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja. Akisema "vuguvugu," mwenye boti anaondoka. Akisema "moto," gurudumu linafunguliwa upya, maana beringi ikiingizwa ziwani na moto wake hunywa maji, na iliyokunywa maji huvunjika siku usiyoitegemea, mteremkoni, pale wanafunzi wanapopanda wakitoka shule.

Kwa neno hilo watu walimpa fundi wetu jina. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mkewe na kwenye kadi ya kliniki ya sukari.

Ganzi ilianzia kwenye ncha za vidole, ikapanda taratibu kama unyevu ukutani. Asubuhi moja aliipua sufuria ya chai bila kitambaa, akamimina vikombe vyote, akaitua. Jioni mkewe aliuona mkono.

"Haya malengelenge ya nini?"

"Cheche za mchomeleaji."

"Cheche zimejipanga mstari, kama askari?"

Angemwambia nini? Kwamba kile kiganja kilichowalisha sasa kilikuwa kama glavu ya mtu mwingine? Akaanza kuishi kwa kubahatisha. Alinusa grisi, alitega sikio gurudumu likizunguka, alimtazama mteja usoni. Usiku alijifinya mkono gizani akisubiri maumivu. Mkono ulinyamaza.

Kisha akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva mwenye mwili wa pipa na mdomo usiojua mapumziko. Boti ilikuwa tayari juu ya trela.

"Shemeji, chapuka. Ungemposa dada yangu kwa mwendo huu, mpaka leo tungekuwa tunakusubiri na mahari."

"Ningejua anakuja na wewe, ningechelewa zaidi."

Wakacheka. Fundi akapiga jeki, akalitikisa gurudumu juu na chini, likacheza. Alizitoa beringi, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazishindilia grisi kiganjani kama alivyofanya maisha yake yote. Ikabaki nati. Nati ya gurudumu hukazwa kwa spana mpaka igome, halafu hulegezwa, halafu humaliziwa kwa vidole vitupu. Vidole ndivyo vinavyojua pa kuachia; ikikazwa kupita hapo, beringi hushika moto. Alizungusha, akangoja vidole viseme. Havikusema. Akaongeza kidogo. Akaongeza tena, kwa woga, kama anayefunga mlango ambao tayari umefungwa.

Dereva akaivuta trela hadi njia panda, akarudi na kushuka akijifuta jasho. Wakati huo mkewe fundi alikuwa ameshafika na chakula cha mchana, akasimama kando na bakuli lake lililofunikwa sahani.

Fundi akainama, akaweka kiganja kwenye kitovu. Hakusikia kitu. Si baridi, si joto, ni ukimya tu. Akamtazama shemeji yake usoni. Uso ule ulikuwa na haraka na njaa, haukuwa na jibu.

"Haya, tupe neno lako tuondoke," dereva alisema. "Au mpaka tukuimbie?"

Mkono wake ulikuwa bado pale pale.

"Vuguvugu," alisema.

Dereva akageukia mlango wa gari.

"Toa mkono," mkewe alisema.

"Nimeshasema, mama. Vuguvugu."

"Nimekwambia toa mkono."

Aliweka bakuli chini, akamshika kifundo cha mkono na kukivuta. Kiganja kilikuwa kimeanza kuwa cheupe, ngozi ikijiinua kama utando wa maziwa. Akakumbuka malengelenge yaliyojipanga mstari. Halafu, kwa ncha ya kidole, akagusa kitovu cha gurudumu, akarudisha kidole haraka na kukitia mdomoni.

"Moto," alisema.

Dereva alisimama na mlango mkononi. Alitaka kutania, ikaonekana mdomoni mwake, kisha utani ukamfia humo humo. Aliutazama mteremko, akazima gari, akatoa funguo.

"Shemeji," alianza, "tangu lini?"

Fundi alikuwa akikifunga na kukifungua kiganja chake, akikitazama kama mtu anayengoja mtoto aamke. Mbali, kengele ya shule ililia, na sauti za watoto zikaanza kupanda mteremko.

Dereva akakohoa. Aliposema tena hakumtazama fundi. Alimtazama dada yake.

"Na gurudumu la upande wa pili, dada," aliuliza taratibu, "nalo likoje?"

Mkewe alimtazama mumewe, kama anayeomba ruhusa. Fundi akasogea, akampisha njia.