Kiti cha Mbele, Ndani ya Ghala la Barafu

Niseme kwanza waliokuwepo, maana kisa hiki kikisimuliwa nyumbani kwetu kila mtu hujitia alikuwepo. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mwanangu wa kwanza, mwenye gereji. Alikuwepo mkewe, binti wa jirani zetu wa zamani Unguja, namjua tangu hajaota meno. Alikuwepo mpangaji wetu, Mkenya wa bara, Mkristo, mlinzi wa ghala la samaki wa barafu kule Jebel Ali. Na Muafghani muuza matairi, aliyekuwepo siku ya mwanzo tu, siku ya mwisho hakuwepo, ingawa yeye ndiye anayesimulia kuliko sote. Majina yao ninayo, na ya baba zao, na ya watoto wa Muafghani mmoja mmoja. Nimeombwa nisiyaandike, basi siyaandiki. Lakini asije mtu akadhani nimesahau.

Hakuwepo yule ambaye mambo yote yalikuwa kwa ajili yake, mjukuu wangu. Mama yake alikuwa binti yangu. Alifariki mtoto bado ananyonya, nikamlea mie. Akakua, akasoma, akaolewa na mhandisi, wakahamia mashariki ya Uturuki, milimani huko, mume anachimba barabara ndani ya jabali. Gari lao walituachia sisi hapa Dubai, kwenye uwanja wa gereji, chini ya turubai.

Basi akapata mimba. Miezi ilipokaribia akapiga simu. Hospitali iko mbali, theluji ikishika teksi hazipandi, Mjomba awaletee gari kabla ya uzazi. Mwanangu akasema hilo si neno, ataliendesha mwenyewe, Saudia, Iraki, mpaka mlangoni kwake. Halafu mjukuu wangu akaomba nipewe simu mimi. Akashusha sauti.

"Bibi, nani atanikanda?"

Kwetu mzazi hukaa arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hashiki ufagio wala sufuria. Anayemkanda ni mama yake. Mama akiwa hayupo, ni bibi. Nikamwambia atulie, mikono yangu ninayo, nakuja nayo.

Nilipoyatamka hayo mwanangu alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini.

Alianza kwa upole. Akasema huko watu wanaganda, mimi nina magoti, nina presha, nina umri. Nikamwambia umri ninao, sikuuiba. Nikasema basi nikatie ndege. Akasema ndege itanishusha mji mkubwa, na kutoka hapo barabara ni ile ile ya barafu, nani atakuja kunipokea na wenyewe gari lao liko kwetu? Kwa hiyo njia yangu ilikuwa moja tu, kiti cha mbele cha gari lile. Na kiti kile yeye alishakipangia mizigo.

Nimeishi Dubai tangu maghorofa haya mengi hayajasimama. Nimepika Ramadhani katika joto ambalo bomba la maji baridi hutoa maji ya kuoshea vyombo vya mafuta. Hakuna siku aliyetokea mtu akaniuliza, je, mama, joto hili utaliweza? Walinikabidhi sufuria. Leo baridi, ndiyo nimekuwa yai.

Sasa nieleze alivyoliandaa gari, maana hapa ndipo utamjua mwanangu. Huyu hapa mjini anajulikana kwa kupanda michanga, yale matuta ya jangwani, kwa gari. Majira ya baridi yetu, kila Ijumaa yuko jangwani na wenzake, gari lake la kupandia michanga analiosha kuliko anavyooga. Akasema theluji ni mchanga mweupe. Kweli, alisema hivyo, mkewe shahidi. Akalivisha gari la mjukuu wangu matairi mapana ya jangwani. Akayapunguza upepo mpaka yakalala kama chapati. Akafunga zile mbao za kunasulia gari likizama mchangani. Akaweka pauro ya kufukulia mchanga. Akaweka madumu ya maji kwa ajili ya rejeta, kana kwamba huko anakokwenda kuna jua. Juu kabisa akasimamisha ule mti mrefu wenye kibendera, ili gari la upande wa pili wa tuta likuone.

Mkewe akalizunguka gari zima, kikombe mkononi.

"Bado ngamia," akasema.

Mwanangu akasema anakwenda kutafuta tairi la akiba, akamleta Muafghani na gari lake la mizigo. Muafghani ni mtu wa milimani, kwao theluji huziba milango. Akauliza gari hili linakwenda wapi. Akaambiwa. Akakitazama kile kibendera, akayatazama matairi, akakaa juu ya tairi lake mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Alipoweza kusema, akasema kwa Kiarabu chake kwamba mpira wa jangwani ukipigwa na baridi hukakamaa kama kwato, na juu ya barafu kwato haishiki. Yanatakiwa matairi ya mpira laini, yenye mikato midogo midogo kama wembe umepita, na yajazwe upepo kama kawaida. Ukiyalegeza huko utateleza mpaka kwa jirani. Anayo, yaliletwa ndani ya kontena kutoka nchi za baridi, hapa hakuna anayeyataka. Na minyororo ya kuyavika matairi kwenye miinuko anayo pia.

Kisha akauliza ndani ya rejeta mna nini.

"Maji," akasema mwanangu.

"Na dawa?"

"Maji. Yakipungua tunaongeza."

Hapo Muafghani hakucheka tena. Akanigeukia mie, maana ndiye mkubwa, akasema, "Hajja, maji yataganda ndani ya injini, na injini itapasuka. Mwambie mwanao."

Sikumwambia kitu. Wakati mwingine kunyamaza kunauma zaidi, na nilitaka aumie. Mwanangu alimwaga maji yote ya rejeta, akatia ile dawa ya kijani wanayoiita kulanti, akabadilisha matairi, akayajaza upepo, akashusha kibendera. Siku nzima hakuimba, na yeye huimba akifanya kazi. Alipomaliza akanawa mikono, akaniambia mbele ya mkewe kwamba nimeona mwenyewe, hata gari la chuma halikuwa tayari, sembuse mtu wa makamo yangu. Kukosea kwake yeye kukageuka kuwa udhaifu wangu mie!

Mpangaji wetu alikuwa ameketi kizingitini anavua viatu vya kazini. Ndiye aliyeleta wazo lile. Akasema kule ghalani kwao kuna chumba kikubwa kitupu kwa sasa, samaki wamepakiwa wote, na mashine ya baridi haijazimwa. Msimamizi wake ni mteja wa gereji yetu, hatakataa. Gari lilazwe mle, lionekane litaamka vipi. Kuliko kwenda kujua ukweli juu ya mlima.

Mwanangu akalipenda wazo hilo kwa sababu moja tu, akaona pa kunikwamisha. Akasema sawa. Gari likilala mle likawaka, na mimi nikiingia nikakaa ndani yake mpaka aniambie toka, basi atanipeleka Uturuki wala hatamsikiliza mtu. Likishindikana moja kati ya hayo mawili, khalas, nibaki nyumbani. Alisema kwa kucheka. Nikamwambia arudie, mkewe asikie vizuri. Akarudia.

Gari likapelekwa Jebel Ali jioni. Asubuhi yake tukaenda. Mkamwana, mke wa mwanangu, alinivisha koti lake la safari, kanga mbili ndani, soksi za mwanangu, kilemba cha sufu. Nje jua lilikuwa linapika lami, watu wa ghalani wakinitazama. Nikawasalimia. Mpangaji wetu akafungua ule mlango mnene kama godoro, mvuke ukatutokea miguuni.

"Shosho, huku ndani si mchezo," akaniambia, shosho kwao ni bibi. "Ukisikia usingizi unakuja, toka mbio."

"Usingizi nitalala kwangu," nikasema.

Baridi ile haikuja kama upepo. Ilinishika puani kwanza, kama vidole. Gari lilikuwa jeupe kidogo, kama limepakwa unga, na mlango ulilia ulipofunguliwa. Nikapanda kiti cha mbele. Kilikuwa jiwe. Mwanangu akakaa kwenye usukani, akasema bismillahi, akazungusha ufunguo.

Gari likasema tik. Akazungusha tena. Tik. Halafu hata hiyo tik ikaisha.

Akashuka, akafungua boneti, akafunga boneti. Betri. Akasema betri za Dubai zinachemshwa na joto mwaka mzima mpaka zinachoka ndani kwa ndani, hapa mjini huoni, ila ukizipeleka baridini ndipo zinakwama. Aliyasema hayo kama mtu aliyeshinda kesi. Akaja upande wangu, akanifungulia mlango, akanipa mkono.

"Yalla, Mama. Gari limekataa."

Niliuvuta mlango nikaufunga. Nikabonyeza kitasa, maana umeme ulikuwa haupo. Kioo kilikuwa na nafasi ya kidole pale juu, nikasemea hapo hapo.

"Gari limekataa. Mimi sijakataa. Na wewe hujaniambia toka, umeniambia yalla, yaani twende."

Akatoa macho. Akasema Mama acha utoto. Nikasema utoto nilimwachia yeye, aliyevisha gari la watu bendera. Mkamwana nje ya mlango akageuka ukutani, mabega yanamcheza. Mpangaji wetu akaja akainama dirishani, maskini, akasema, "Shosho, ukigandia humu mimi nitaandika nini kwa ripoti?" Nikamwambia aandike kwamba mzee anasubiri betri.

Wakatoka wakajadiliana. Mie nikabaki. Nisidanganye, vidole viliuma, kisha vikaacha kuuma, na kule kuacha ndiko kulikonitisha. Pumzi yangu ilikwenda kioo cha mbele ikaganda pale pale, maua meupe yakaota mbele ya uso wangu. Nikaitia mikono kwapani. Mikono ndiyo niliyokuwa naitunza. Nilimkanda binti yangu kwa mikono hii alipojifungua, na baadaye mikono hii ndiyo iliyomuosha. Yule mtoto aliyebaki, nimsikie kwenye simu akisema nani atanikanda, halafu nikae Dubai ninywe chai kwa sababu ya betri? Nikasoma nilichojaaliwa kukisoma. Nikasema sitoki.

Mwanangu akarudi amebeba kitu kifuani kama mtoto mchanga. Nilikitambua kwa vile vifuniko vyekundu vya juu. Ilikuwa betri ya gari lake la kupandia michanga, ile mpya kubwa aliyoisifia majuma mazima. Alikuja na gari hilo siku ile, liko nje kwenye maegesho, na sasa haliwezi kwenda popote. Hakunitazama. Akafunga betri, vidole vinamteleza, anapuliza, anafunga. Nikamfungulia kitasa akaingia, akazungusha.

Injini ikaguna. Ikaguna tena kama mtu anayeamshwa kula daku. Kisha ikawaka, gari zima likatikisika na mie ndani yake, na mlinzi akaachia mlango wazi moshi utoke. Mwanangu akavuta maji ya kuoshea kioo. Hayakuja. Waipa hazikuinuka, zimenata. Mle alikuwa ametia maji ya bomba, naye Muafghani hakuulizwa. Akatazama kioo cheupe chote, pumzi zangu zile. Nikamgeukia.

"Niambie sasa."

Alikuwa na machozi, au ni baridi, sisemi. Akasema, "Toka, Mama. Tukafunge mizigo."

Nikatoka. Jua la Jebel Ali halijawahi kunipendeza kama siku ile.

Tulikwenda. Kiti cha mbele nilikaa mie, na mizigo yake ikakaa nyuma na mafuta yangu, chetezo na pilipili manga. Huko milimani theluji ya kwanza ilipotupokea alisimamisha gari, akashuka, akachuchumaa karibu na tairi. Nikajua anawaza nini. Mkono ulishafika kwenye kile kifuniko cha upepo. Akainua macho akaniona natazama. Akajifuta mkono, akachukua minyororo.

Tulifika mtoto hajazaliwa. Uchungu ulipokuja palikuwa pamejaa theluji, na gari liliwaka mara ya kwanza. Mjukuu wangu nikamkanda siku zake zote, maji ya moto yakitoa mvuke mpaka vioo vya nyumba vikaota maua kama yale. Alilia siku ya mwanzo, akasema naminya sana. Nikamwambia mama yake naye alisema vivyo hivyo.

Basi ndivyo ninavyokumbuka. Mkamwana anashikilia kwamba koti lilikuwa la kijani, mie nasema la buluu. Mpangaji wetu anasema sikufunga kitasa, eti nilikishika tu kwa mkono. Na mwanangu anadai lile neno la mchanga mweupe lilisemwa na rafiki yake. Ikiwa wako katika ninyi waliokuwepo na wameona vingine, nyumba yangu mnaijua, njooni mnisahihishe nikiwa hai. Rangi ya koti nitawaachia. Kitasa nilikifunga.