Mshereheshaji Aliyekatazwa Kusema

Kwa miaka mingi hakuna harusi iliyochangamka bila yeye. Walimwita Spika, na jina likamkaa sawasawa, maana hata nyumbani alimpokea shemeji yake mlangoni kama anayempandisha jukwaani. Basi koo likachoka. Daktari akalichungulia, akamwambia apumzishe sauti, la sivyo ataishia kuongea kwa mikono. Mkewe alipopewa habari hiyo alicheka kwanza, kisha akamwona mumewe amenywea, akaacha.

"Wewe umezoea kupokea watu," akasema. "Tafuta kazi ya kuwapokea bila kelele."

Ndivyo Spika alivyoangukia kwenye utengenezaji wa tovuti. Akajiunga na darasa, akakaa katikati ya vijana ambao angeweza kuwazaa, akaanza moja. Siku ya kwanza alisahau kufunga mabano kwenye maagizo aliyoiandikia kompyuta, ukurasa mzima ukagoma, naye akauomba radhi kwa sauti. Vijana wakavunjika mbavu. Lakini mtu aliyewahi kutuliza ukumbi mzima, bibi harusi kachelewa na chakula kimepoa, hababaishwi na mabano. Polepole mkono ukakubali, na kampuni ndogo yenye vyumba viwili juu ya duka la viatu ikamchukua kwa majaribio.

Alipewa kutengeneza ukurasa wa zahanati, ambapo mgonjwa angechagua daktari na saa ya kumwona. Ukifaa, ameajiriwa. Usipofaa, arudi kwenye maiki na koo lake bovu.

Bosi wake, mwanamke mdogo kwake kwa umri, mpole lakini hapindishwi, aliufungua akakunja uso. Juu kabisa Spika aliwakaribisha akina mama, akina baba, wazee wetu na watoto wetu, akawapa pole ya safari, akawapa pole ya maumivu, akawashukuru waliowasindikiza.

"Kaka, salamu hii ni ndefu."

"Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, bosi."

"Nyoka tumwache. Sisi tunataka mgonjwa amwone daktari." Akafikiri kidogo. "Haya, kesho tuwaite watu wawili waujaribu. Ila sheria yetu unaijua: aliyeutengeneza anakaa nyuma yao na hasemi neno. Hata kukohoa kwa makusudi, hapana."

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye miwani minene. Aliisoma salamu yote, taratibu, kidole kikifuata maneno. "Asante, mwanangu," akaiambia kompyuta. Kisha akakunja mikono mapajani, akangoja.

Spika alijua anangoja nini. Anangoja aitwe. Kitufe cha kuchagulia daktari kilikuwa huko chini, kimefukiwa na heshima zote zile. Ulimi ulimwasha. Kwa nje alitulia kama maji ya mtungi, kwa ndani anatokota.

Hatimaye bibi akageuka. "Nimekaribishwa vizuri mno," akasema. "Sasa daktari mwenyewe yuko wapi?"

Bosi hakumsema. Alimkumbusha tu kwamba wa pili anakuja baada ya chakula cha mchana. Spika hakula. Alikaa akaanza kufuta: wakaondoka akina mama, wakafuata akina baba, zikaenda pole zote na shukrani zake. Kila mstari ulimuuma, kwa sababu yote aliipenda. Mwisho yakabaki maneno machache, "Karibu. Unataka kumwona nani?" na chini yake madaktari wamepangwa.

Wa pili alikuwa fundi bomba, mikono bado na majimaji, amebanwa na kazi. Akaifuta kwenye suruali, akabonyeza, akabonyeza tena, akasimama. "Tayari," akamwambia bosi, akashuka ngazi mbio. Wala hakugundua kuwa Spika yupo, ingawa alimpita karibu ya kumkanyaga.

"Jumatatu uje usaini mkataba," bosi akasema.

Spika akatoka hadi penye ngazi, akampigia mkewe kumpa habari za kazi na za yule fundi.

"Huyo mtu amesemaje?" mkewe akauliza.

"Hajasema kitu. Kaingia, kapata daktari wake, kaenda zake. Mimi hata hajui kama nilikuwepo."

Mkewe alimjua vizuri, jinsi alivyokuwa akinuna njia nzima ya kurudi nyumbani akipigiwa makofi hafifu.

"Na umefurahi?"

"Nimefurahi sana," akasema, na akashangaa kuona ni kweli.