Saksafoni Iliyobaki Kampala

Rasik alikuwa na vidole virefu kama vya mwizi, na tabia ya kuvigongesha juu ya chochote kilichokuwa mbele yake: meza, sufuria, mgongo wa mkewe. Alihamia nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa Hounslow, London, baridi ile ya mwaka sabini na tatu. Yeye na mkewe Lila walikuwa wametoka kambini walikowekwa Wahindi waliofukuzwa Uganda, wamevaa makoti ya kupewa yaliyowameza mpaka magotini. Mimi nilishakuwa mwenyeji. Nilitoka Unguja baada ya Mapinduzi, kwa hiyo nilimjua kwa kumtazama tu mtu ambaye bado anadhani atarudi kuchukua vitu vyake.

"Dada," aliniambia siku ya kwanza, "wewe nasema Kiswahili? Asante Mungu! Mimi nachoka na hii Kingereza."

"Na mie nshachoka na Kiswahili chako. Ingia, chai ipo."

Huko Kampala Rasik alikuwa mpiga kinanda wa hoteli. Si kinanda cha kanisani. Kile cha umeme, chenye safu mbili za vipande vya kubonyeza na kanyagio chini. Muziki alioupenda ni wa Kibrazili, ule laini unaokwenda kama mtu anayetembea na viatu vipya, hana haraka, anataka vionekane. Aliusoma kwa kusikiliza sahani za santuri tu, akaifundisha bendi yake. Harjit, Kalasinga mmoja mwenye kelele, alipiga ngoma. Lila aliimba. Na saksafoni ilikuwa ya Elkana, mtu wa Mbale, ambaye Rasik alimtaja kila alipofungua mdomo, mpaka Lila akawa anamwambia, "Ungemwoa yeye basi."

Kazi yake hasa ilikuwa kupanga. Nani aanze, nani anyamaze, nani aingie wakati mwenzake anatoka. Alisema mtu yeyote anaweza kupiga, kazi ni kumwambia mtu asipige. Elkana ndiye peke yake hakuwahi kumnyamazisha. Alikuwa akifika mwisho wa sauti anaipinda kidogo chini, kama mtu anayeuliza swali ambalo jibu analo. Watu wa Kampala waliotaka kucheza dansi waliijua saksafoni yake hata wakiwa nje barabarani.

Amri ya kuondoka ilipotoka, ilikuwa ya Wahindi. Elkana aende wapi, na ile ndiyo nchi yake? Wiki ya mwisho wakajifungia ukumbini, Rasik akaweka mashine ya kurekodi, Elkana akapuliza peke yake mchana kutwa. Njiani kwenda uwanja wa ndege askari walisimamisha basi. Walimvua Lila bangili na kuchukua saa ya Rasik. Kanda wakaitazama, wakaona ni plastiki, wakamrushia.

Huku London alianza kwa kupanga trei za chakula cha ndege, meza moja na mimi, kofia ya wavu kichwani. Jumamosi akipiga kinanda kwenye baa moja Rayners Lane, Waingereza wamempa mgongo. Akatokea mmoja asiyempa mgongo, mwenye studio. Akamwita apangie wimbo wa mtu, kisha wa mwingine. Kabla mwaka wa pili haujesha kofia ya wavu ameitupa. Matangazo ya sabuni, harusi za Wagujarati, vijana wa Kiingereza wenye nywele za kike: wote Rasik aliwapangia, na wote wakatoka na kale kamwendo ka Kibrazili bila kujua wamekapata wapi. Mtaani wakaanza kumwita prodyusa. Akanunua koti la saizi yake.

Hapo ndipo alipopata wazo lake.

Alikuja kwangu Jumapili mchana na kaseti, Lila nyuma yake amefurahi kama bibi harusi. Wakaiweka. Nikasikia kinanda, nikasikia Lila anaimba kwa Kiswahili, na maneno yenyewe nilicheka mpaka chai ikanipanda puani:

*Jenerali wa bati, nyota zako za kopo,*
*mvua ikinyesha zote zina kutu.*

Halafu Lila akanyamaza, ikaingia saksafoni. Kicheko kikanikauka.

"Huyo nani?"

"Nani tena? Elkana!" Rasik alikuwa anang'aa. "Mimi natoa kwa ile kanda, naweka hapa. Yeye iko Kampala, lakini sasa iko ndani ya bendi. Hii zawadi yake, dada."

"Yuko Kampala wapi?"

"Hoteli ile ile. Napiga kila Jumamosi."

"Anampigia nani, na wacheza dansi wenu wamefukuzwa?"

Rasik akatazama vidole vyake. Lila ndiye aliyejibu. "Askari. Wameichukua hoteli."

"Basi nyie mna wazimu," nikasema. "Mnamtukana mkubwa wao kwa Kiswahili, lugha wanayoapishiwa kambini, halafu mnamweka nyuma ya tusi mtu anayesimama mbele yao kila wiki? Itoe hiyo saksafoni leo."

"Jina lake hakuna kwa karatasi. Na saksafoni haina sura, dada. Nani tajua?"

"We mwenyewe umeniambia watu walikuwa wakiijua wakiwa barabarani!"

"Wewe naogopa bure."

"Rasik, mwanamme weye, una masikio makubwa hivyo ya nini?"

Alicheka. Akaondoka na kaseti yake. Mtu aliyezoea kuwapangia wenzake wanyamaze haambiwi anyamaze yeye.

Sahani ikatoka. Sijapata kuona kitu kinachoenda mbio namna ile. Edmonton kwa Wakenya, Rayners Lane kwenye maduka karibu na stesheni, harusi zetu Wazanzibari, kote "Jenerali wa bati". Watoto waliokataa kutujibu kwa Kiswahili walikuwa wakiimba neno kwa neno. Tulikuwa watu tuliotolewa makwetu kwa mabavu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tulipomcheka mtu mwenye bunduki. Sitamlaumu aliyecheza. Lakini kazini kwangu niliwaona wenyewe wafanyakazi wa ndege wakiweka kaseti mifukoni, nikawa nahesabu kichwani njia yake: hapa, Nairobi, halafu mpaka wa Busia ndani ya gunia la nani sijui.

Harjit alikuwa ameanza biashara ya vipuri, akienda Nairobi na kurudi. Siku moja alifika kwa Rasik moja kwa moja kutoka uwanjani, hajapita hata kwake. Nilikuwepo, namsaidia Lila kukunja sambusa.

"Wanaipiga Kampala," akasema. Kelele zake zote zimemwisha. "Chini kwa chini, madirisha yamefungwa. Askari mmoja aliisikia kwa kinyozi."

"Halafu?" akauliza Rasik.

"Hakuuliza nani anaimba. Aliuliza kwa nini saksafoni ya Jumamosi iko humu ndani."

Lila aliacha sambusa wazi mkononi. Rasik alitoka bila koti. Alikwenda studio, akataka sahani zote zirudishwe, akatengeneza nyingine isiyo na saksafoni. Alizunguka harusini akiwaomba watu kaseti zao kama mwendawazimu. Wakacheka, wakampa moja, wakabaki na nne walizonakili. Simu ya hoteli Kampala iliita tu. Alipopokelewa mwishoni, sauti ilimwuliza yeye ni nani na yuko wapi, Rasik akakata.

Akaacha kupanga nyimbo za watu. Wale vijana wa Kiingereza walikuja mlangoni, Lila akawaambia mgonjwa. Kitu kilichonitisha mimi ni vile vidole: vilitulia. Aliviweka juu ya meza, na meza ikabaki kimya.

Harjit aliporudi tena alileta kaseti, mtu wake wa Kisumu kainasa kutoka redio ya Kampala. Wimbo wa kumsifu mkubwa, kwaya nzima ya wanajeshi. Kati yake ikaingia saksafoni.

"Ni yeye!" Lila akashika kifua. "Yu hai! Rasik, yu hai!"

Rasik alikuwa ameinamia spika. Sauti ilifika mwisho ikajaribu kupinda, ikatoka upepo mtupu, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Ikarudi tena. Upepo tena.

"Meno ya mbele hakuna," akasema Rasik. "Nashika mdomo wa chombo kwa fizi."

Harjit akajifanya hajasikia. Mimi nikasema anayepuliza anapumua, na siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Rasik akamwomba Harjit amletee kila kanda ya wimbo ule, maana ulipigwa redioni kila wiki, bendi ile ile, moja kwa moja kutoka ukumbini. Tukawa tunasubiri hizo kaseti kama watu wengine wanavyosubiri habari za hospitali. Ya pili saksafoni ilikuwepo, imepungua. Ya tatu ilikuwepo mwanzo, mwisho haipo.

Ya nne waliisikiliza mchana, mvua inanyesha, mimi nimepeleka sukari nikabaki mlangoni. Kwaya ikaimba sifa zake. Ilipofika zamu ya saksafoni kikaingia kinanda, kikachukua wimbo ule ule, sauti kwa sauti.

"Pengine anaumwa," akasema Lila. "Pengine wamempa ruhusa, kaenda kwao Mbale."

Rasik aliirudisha nyuma, akaipiga tena. Kisha akaweka vidole juu ya meza na kukifuata kile kinanda, polepole, mpaka mwisho.

"Huyu kijana nasoma kwa Elkana mwenyewe," akasema. "Sikia. Hapa nasimama. Na hapa. Kinanda haivuti pumzi, Lila. Kwa nini nasimama?"

Spika iliendelea, na yule mpigaji asiye na jina akawa anasimama, kila mara, pale pale ambapo mtu mwingine alikuwa akivuta pumzi.