Mama Pilipili na Manga za Ghorofa ya Pili

Bango la mlangoni liliandikwa MANGA ZIPO, kwa rangi nyekundu, na haikuchukua muda watu wakaanza kupanda ngazi kuulizia pilipili. Mwenye duka alicheka mpaka akashika mbavu. Hakulibadilisha. Mtaa ukamwita Mama Pilipili, naye akaitika.

Alichokuwa nacho ni vitabu vya hadithi za picha kutoka Japani, vile vinavyofunguliwa kwa nyuma na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Maboksi ya kwanza aliachiwa na mdogo wake wa kiume, marehemu, aliyevipenda kuliko chakula. Alivifungua kwa majonzi, akijiambia atasoma kimoja tu, aone ndugu yake alikuwa akichekea nini peke yake chumbani. Akanogewa. Aliposhtuka, ameshapanga chumba ghorofa ya pili, ametundika rafu ukutani na anaazimisha.

Hakukurupuka kumpa mtu kitabu. Mteja mpya alikalishwa kwanza, akaulizwa mambo yasiyohusu vitabu kabisa: unalala vizuri? Siku hizi mmenuniana na nani? Kisha yule mama alisimama, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, akachomoa. Mwanafunzi aliyefeli alipewa mfululizo wa wasichana wa mbio za kupokezana vijiti, ambao hushindwa karibu kila shindano na bado msomaji hataki waache kukimbia. Mzee aliyefiwa na mkewe alipata ule wa mtu mzima anayejifunza kupika. Wapenda upelelezi waliwekewa wa karani wa mochwari, kwa onyo: "Huu usiuanze kama una kazi asubuhi." Ule wa kisima kinachoita watu kwa majina yao hakumpa mtu anayeishi peke yake, hata abembeleze vipi.

Chokaa alikuwa mtu wa vichekesho. Alikuwa fundi wa plasta, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata siku za mapumziko, ndiko jina lilikotoka. Miaka yote hakuazima ila ule mfululizo wa ukoo wa wachawi ambao uchawi umewakataa. Alianza kusoma hukohuko ngazini akishuka, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

Basi siku moja akaja, wala hakukaa.

"Mama, unayo ya jengo kuanguka?"

"Kuanguka vipi? Vita? Tetemeko?"

"Lolote. Ila watu wawe wamepona."

Mama Pilipili alimtazama. Alishazoea watu kubadilisha ladha; aliyeachwa hukimbilia mapigano, mwenye mimba hutaka vya watoto. Lakini hili lilimtia ubaridi shingoni. Akampa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa tetemeko la ardhi, mzuri kuliko wote wa aina hiyo aliokuwa nao, ambao mchoraji wake hana haraka: kurasa nyingi ni vyumba vitupu na kimya. Chokaa alikipokea kama mtu anayepokea dawa. Ngazini hakikusikika kicheko.

Kesho yake akakirudisha.

"Sijamaliza, mama. Pale mwanzoni tu kuna mlango unakataa kufunga. Nikashindwa kuendelea."

Aliondoka, na maneno yale yakamkaa Mama Pilipili kama mfupa kooni. Mlango wake mwenyewe ulikuwa umeanza kukwaruza sakafu. Alikuwa akiusukuma kwa bega na kuilaumu mvua. Rafu ya ukuta wa nyuma ilikuwa imeinama, vitabu vimeegemeana upande mmoja, naye akaulaumu uzito. Halafu ile harufu ya plasta mbichi ngazini, kila wiki, na hakuna anayejenga. Akatega sikio. Ndani ya ukuta kitu kililia, kidogo tu, kama mtu anayealisha vidole.

Alishuka akamkuta Chokaa kwenye ngazi za chini, karai miguuni, mwiko mkononi.

"Unaziba nini hapo, mwanangu?"

"Narembesha tu, mama."

"Nitazame unaposema."

Hakumtazama. Mwiko uliendelea kupaka mahali palepale palipokwisha kulainika. Kisha akaketi kwenye ngazi, yakamtoka. Mwenye jengo alitaka duka la vitanda la chini liwe pana. Ukuta mmoja uliondolewa, nguzo nayo ikachongwa ubavu ili vitanda vipite. Tangu hapo nyufa zilikuwa zikipanda, na kazi yake yeye ilikuwa kuzifunika. Akizifunika leo, wiki ijayo zimefunguka tena, pana zaidi.

"Na ukaendelea kupaka."

"Alisema nikifungua mdomo sipati kazi tena mji huu. Nina watoto, mama. Nikawa najiambia, labda zitaacha."

Hakumtukana. Akainua macho. Juu, ghorofa ya tatu, cherehani zilikuwa zikinguruma. Huko alikuwa shoga yake, fundi cherehani, na wasichana wake wa kazi, na mama yake mzazi asiyeweza kutembea.

Mwenye jengo alipopigiwa simu alicheka kwa upole. "Mama, hizo katuni zimekupanda kichwani. Pumzika kidogo." Ofisi ya ujenzi ilisema mkaguzi yuko likizo. Hata shoga yake hakuinua mguu kwenye cherehani.

"Sare za shule nzima ziko mezani, dada. Nizipeleke wapi? Hebu niletee kile cha mapenzi nipoze roho."

"Leo sikupi kitabu."

Akashuka, akamshika Chokaa mkono kama mtoto mtoro, akampandisha mpaka juu.

"Bandua," akamwambia. "Bandua ulichokipaka, waone."

Fundi alichomeka ncha ya mwiko kwenye kona, akavuta. Plasta ikatoka vipande vipana kama magamba. Ufa ulianzia dirishani ukashuka mshazari mpaka sakafuni. Fundi cherehani alitia kidole. Kikaingia chote, na pete yake, na kwenye ncha akahisi upepo wa nje.

Alikichomoa taratibu. Alizima cherehani moja baada ya nyingine, akaenda kumfunga mama yake kwenye shuka. Wakambeba, Chokaa upande wa kichwa. Wakati wakishuka, Mama Pilipili aligonga kila mlango kwa viganja viwili. Wengine walitoka. Wengine walimfokea bila kufungua.

Jengo halikuanguka siku ile. Lilisimama wiki nzima na zaidi, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana watu wakaanza kurudi. Mwenye jengo alileta fundi mwingine, kuta zikapakwa rangi ya maziwa. Sokoni walimwuliza Mama Pilipili kama na mbingu zinaanguka leo. Alikuwa amehamishia vitabu barazani kwa dada yake, na kila asubuhi alisimama ng'ambo ya barabara akilitazama dirisha lake la zamani. Halikuwa na pembe nne sawa tena. Waliorudi aliwasihi, kwa mmoja alipiga magoti. Na mlangoni walimkuta Chokaa, bila mwiko, akirudia kwa sauti kavu, "Mimi ndiye niliyeziba. Msiingie. Mimi ndiye niliyeziba." Baadhi waligeuka kwa ajili yake. Muuza vitanda alimsukuma kando, akaingia kufungua duka.

Jengo lilishuka mchana kweupe. Vioo vilitangulia, kisha ghorofa ya tatu ikakaa juu ya ya pili kama mtu aliyechoka, na vumbi likaimeza barabara. Wengi walikuwa nje. Chokaa alichimba kwa mikono mitupu mpaka kucha zikamtoka, na muuza vitanda alipopatikana hakuwa na uhai.

Mwenye jengo alikamatwa. Chokaa alijipeleka mwenyewe. Walimhoji, wakamwachia asubiri. Awe shahidi au mshtakiwa, hilo walikuwa hawajaliamua.

Siku hizi huja barazani jioni, watoto wakiwa wamejilaza na vitabu vyao. Haombi kitabu, na Mama Pilipili, ambaye hakuwahi kukosa cha kumpa mtu, hamchagulii. Anapofika huupapasa ukuta kwa kiganja, kona hadi kona, ndipo akae.

"Anatafuta nini kwangu huyu?" dada mtu akauliza.

"Mwache," akajibiwa. "Mwache apapase."