Vidole Viwili Kooni

Daktari aliniambia nikae kimya wiki mbili. Nisiongee, hata kunong'ona nisinong'one. Vumbi la karasha, mashine za kusagia mawe kule Mwakitolyo, nilikokuwa nachambua mawe ya dhahabu, lilikuwa limenichubua koo. Nisipolipumzisha, alisema, sauti inaweza isirudi. Tangu wazazi wetu wafariki nikiwa darasa la sita, nimewalea wadogo zangu watatu kwa sauti hiyo. Nikatii.

Lakini kwenye kwaya yetu, aliyekosa mazoezi matatu havai sare Jumapili, na mgonjwa anayeweza kutembea hasamehewi. Basi kila jioni nilienda, nikaketi benchi la sauti ya pili, mdomo nimeufunga.

"Leo tutapumua," jirani yangu wa benchi alisema, maana mimi ndiye niliyezoea kuwakemea wanaokosea noti. "Mkemeaji wetu ni bubu."

Siku ya tano koo liliuma kuliko mwanzo. Mdogo wangu anayenifuata aliniona nikimeza mate kwa shida, akanikazia macho.

"Dada, umeongea."

Nikatikisa kichwa.

"Umeongea kule kwenye kwaya."

Nikatikisa tena. Hakuniamini. Jioni akaja nami mazoezini, akaketi ubavuni kwangu. Mwalimu alipobonyeza kinanda kutupatia noti yetu, mdogo wangu akaniwekea vidole viwili kooni, kama tunavyomshika ndama kuhakikisha amemeza dawa. Mwalimu akapanda noti ya juu.

"Linapanda," mdogo wangu akanong'ona. Kinanda kikashuka. "Linashuka. Dada, unaimba."

Nikaweka vidole vyangu palepale. Kweli. Pumzi haikutoka, mdomo haukufunguka, lakini kila noti iliyoingia masikioni ilivuta kitu kooni, kikajipanga kuipokea. Nilikuwa nimedhani kuimba kunaanzia mdomoni, na kwamba nikiufunga nimemaliza kazi. Kumbe miaka yote ya benchi lile ilikuwa imelifundisha koo langu kujibu bila kuniuliza. Labda lilianza zamani zaidi, mama alipokuwa akiimba huku anapepeta mtama nami niko mgongoni.

Nikachukua daftari, nikaandika: Twende nyumbani.

Sikurudi mazoezini, na sare niliikosa. Mdogo wangu alizima redio, akawakataza wenzake hata kupiga mluzi. "Humu ndani hakuna wimbo," alisema, kwa ukali niliomfundisha mimi.

Wiki mbili zilipotimia nikamwita kwa jina lake. Sauti ilitoka nyembamba, ina mikwaruzo, lakini ilikuwa yangu. Hakuitika. Alikuja kwanza, akaniwekea vidole kooni, akasema, "Niite tena."