Chupa Iliyosimama Karibu na Mtungi

Siku moja sitaisahau, mwanangu. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa juu ya baiskeli nikitoka Kasongo kwenda Wamaza kuposa, na chupa mbili za divai nyekundu zimefungwa nyuma yangu kwa kamba. Nakusimulia kwa sababu nimeiona chupa yako ya divai ya zamani, na nimesikia umekwisha patana na mtu wa pikipiki akupeleke kesho alfajiri kwa wakwe. Keti kwanza. Pikipiki haitakimbia.

Divai zangu zilitoka Bukavu, kwa daktari mmoja mzee niliyempikia ujanani. Alipenda divai za Ufaransa za namna ya Bordo, na alizilaza chini ya nyumba, kwenye chumba cha mawe chenye baridi, miaka na miaka. Mwanzoni nilimcheka moyoni. Sisi ni watu wa malofu. Tembo hilo la michikichi ukiliacha mpaka kesho limekwisha chachuka. Ya nini basi kulaza kinywaji mpaka mtoto anaota ndevu? Jumapili moja akanimiminia mbili, changa na iliyokaa. Ile changa ilinikaza ulimi kama nimetafuna ndizi mbichi. Ile iliyokaa, ah! Pembeni mwa glasi rangi yake ilikuwa imeelekea tofali. Ilinukia sanduku la mbao la bibi yangu, tumbaku kavu, na udongo mvua ya kwanza inapoupiga. Tulikuwa na mbuzi wa kuchoma. Divai ilipita taratibu, haikukwaruza popote, na nilipokwisha meza bado ilikuwa mdomoni, inaniongelesha. Nikaichungulia glasi tupu. Daktari alicheka mpaka akakohoa.

Nilipoaga kwenda kuoa alinipa hizo chupa mbili, akanionya. Divai iliyokaa ina mashapo chini. Ikisafiri, isimamishe siku kadhaa yashuke, kisha umimine polepole, na tone la mwisho liache chupani. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama vile wewe unavyoniitikia sasa.

Lakini desturi yetu unaijua. Mposaji akifika, kinywaji kinafunguliwa papo hapo. Anakionja yeye kwanza, watu wote waone hakina sumu, na hakibaki kitu mpaka kesho. Ukisema tungojee kidogo, watu wanatazamana: huyu anaficha nini? Tena nilikuwa na hofu nyingine. Mfanyabiashara mmoja wa Salamabila naye alimtaka Feza, yule binti niliyekwenda kumposa, na alikuwa amekwisha peleka makreti ya bia kwa baba yake, Muzee Kitenge. Yalijaa ukuta mzima. Mimi nilikuwa na chupa mbili zenye vumbi.

Basi nikafungua vilevile nilivyofika, jasho halijakauka. Nikachokoa kizibo kwa kisu, nikamimina, nikaonja. Matope matupu! Chungu, na unga wa mashapo kwenye meno. Nikameza na kutabasamu kama mjinga. Muzee Kitenge akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akatema pembeni.

“Kijana, ulikuwa unauguza nani? Hii iko dawa.”

Ua mzima ukaangua kicheko. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Feza alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaeleza habari za barabara, za mashapo, za kusimamisha chupa. Muzee akanisikiliza mpaka mwisho.

“Na hayo yote ulikuwa unayajua mbele ya kufungua?”

“Nilikuwa nayajua, baba.”

“Unajua kitu, halafu unakiharibu juu ya kuogopa macho ya watu. Mutu wa vile atanichungia mutoto namna gani?”

Akaichukua chupa ya pili, akaenda mwenyewe kuisimamisha ndani, karibu na mtungi wa maji, penye ubaridi. Akaniambia nirudi siku ya soko. Hakuniahidi chochote.

Nilijibanza kwa binamu yangu, sitoki nje. Siku ya soko nikarudi, nikakuta watu wameongezeka, wamekuja kuiona dawa tena. Safari hii nilikivuta kizibo taratibu, nikaiinamisha chupa kidogo kidogo. Mashapo yalipokaribia shingo nikaacha.

“Maliza!” wakapiga kelele. “Huyu anatubania!”

Sikumaliza. Divai ikakaa kwenye glasi, safi, jua linapita ndani yake. Nikaonja, na zile Jumapili za Bukavu zikanirudia.

Muzee Kitenge akapokea glasi, akainusa, akainusa tena. Halafu hakunywa. Akamwita Feza.

“Wewe ndiye utakunywa naye siku zote. Onja.”

Feza akapiga magoti, akapokea, akanywa kidogo. Akaishusha glasi, akaitazama. Nilisikia kuku wakiparura uani. Nikajisemea, basi, bia za Salamabila zimeshinda. Kisha akaninyooshea glasi.

“Ongeza,” akasema.

Sasa, mwanangu, chupa yako isimamishe pale pembeni, na mtu wa pikipiki mwambie kesho aende taratibu. Ukifika huko, ikabidhi kwanza, uombe isimame siku chache. Watacheka, waache wacheke. Lile unalojua ni sawa lifanye, hata ua mzima ukikutazama. Na ukiimimina, usiimeze kama maji ya kiu. Inywe na nyama, na watu, kidogo kidogo, uisikie inavyokuongelesha. Miaka yote hiyo ililala kwa ajili ya hilo. Ile chupa yangu ya pili bado iko. Mama yako Feza anatilia mafuta ya mawese, na hapa tulipo anatusikia kutoka jikoni. Mpaka leo nikimmiminia chai ananyoosha kikombe, na neno ni lile lile.

Mungu akulinde barabarani. Akutulize mkono wakati wa kumimina. Na huyo unayemfuata, akikwisha onja, akunyooshee glasi.