Udongo wa Kukaanga

Mwalimu wa chekechea alinipigia simu Jumatano mchana nikiwa kazini, akaniomba nifike shuleni. Nilidhani binti yangu anaumwa. Nilipofika nikamkuta mzima kabisa, amekaa kwenye kiti chake peke yake darasani, soksi nyeupe pee, mikono ameilaza mapajani. Wenzake wote walikuwa nje wakicheza tope, wengine limewafika masikioni.

"Shikamoo baba," mwalimu akanisalimu. Alikuwa msichana niliyemzidi miaka mingi, lakini salamu ilipokwisha hakuzunguka maneno. "Mtoto wako hachezi. Mchanga hagusi, unga hagusi, rangi hagusi. Tone la uji likimwangukia analia mpaka anawishwe. Ana miaka minne na hawezi kufunga kifungo cha sweta, vidole havina nguvu."

"Nimemfundisha usafi," nikamjibu.

"Umemfundisha kuogopa mikono yake mwenyewe."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Mimi ni mtu wa maabara, katika zahanati moja hapa mjini. Kila asubuhi naweka vipimo vya choo kwenye hadubini na kila asubuhi naona mayai ya minyoo, na mengi ni ya watoto. Mwalimu akiona tope anaona mchezo. Mimi naona mayai. Tena mke wangu anafanya kazi Babati, anarudi mwisho wa wiki tu, kwa hiyo siku tano nzima mfuaji ni mimi, na huku Moshono tunakokaa maji yanatoka siku yanapotaka.

Mwalimu akanieleza taratibu, kama vile na mimi nimeandikishwa darasani kwake. Mtoto anayefinyanga udongo anakomaza vidole vitakavyoshika penseli. Anayemimina maji kopo hadi kopo anajua kipi kinajaa na kipi kinamwagika kabla hajafundishwa hesabu. Anayechafuka na wenzake anapata cha kuzungumza nao. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ili niondoke.

Jioni nikampigia mke wangu nikitegemea ataniunga mkono.

"Mwache achafuke," akasema.

"Wewe uko Babati. Sabuni inaisha huku."

"Basi tafuta njia yako, mtaalamu."

Njia yangu ilikuwa hii. Alhamisi nilitoka kazini mapema, nikachimba udongo nyuma ya nyumba, nikauchekecha, nikaubandika pale uwanjani kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Niliukaanga kama karanga, nikigeuza kwa mwiko, mpaka nikaridhika kwamba hakuna yai la mnyoo linaloweza kubaki hai humo. Moshi wake ulinuka vibaya sana. Mama mwenye nyumba wetu, Mmeru wa makamo asiyepitwa na kitu, akatoka na kanga yake begani akachungulia sufuria.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Baba, hicho ni chakula?"

"Udongo, mama. Wa mtoto kuchezea."

Alinitazama, akatazama uwanja mzima uliojaa udongo wa bure, akarudi ndani. Nikamsikia akisimulia kwenye simu kwa Kimeru na kucheka.

Udongo ulipopoa nikaumwagia maji niliyochemsha, nikaukanda kwenye beseni, nikamwita binti yangu. Akaja, akachungulia, akaficha mikono mgongoni.

"Chafu," akasema.

"Siyo chafu. Baba ameipika."

"Inanuka."

Saa nzima ya moto na jasho, halafu naambiwa inanuka. Nilitaka kumwaga beseni lote. Badala yake nikakunja mikono ya shati nikaingiza mikono yote miwili, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Nilipokuwa mdogo kule Ngaramtoni tulifinyanga ng'ombe, na vidole vyangu vilikuwa bado vinakumbuka. Nikatengeneza ng'ombe mmoja, nikamwekea nundu. Binti yangu akasogea.

"Hana mkia," akasema.

"Mwekee basi."

Alichota kwa ncha ya kidole kimoja. Akasita, akanitazama usoni kuona kama nitakimbilia maji. Sikukimbilia. Akaongeza kidole cha pili. Mkia ulitoka mnene kuliko mguu wa ng'ombe, lakini ulikaa. Akaufinya udongo, ukamtoka katikati ya vidole, akasema, "Baba, inateleza." Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo.

Ingekuwa imeishia hapo ningefurahi. Jumamosi ikanyesha mvua. Niliingia kuoga, na nilipotoka nilimkuta uwanjani na watoto wawili wa jirani, ndani ya dimbwi, kwenye udongo ambao haujapitia jiko la mtu yeyote. Wamechimba mfereji, wanabishana maji yaelekee wapi, na sauti ya binti yangu ndiyo ilikuwa juu. Koti langu jeupe la kazi lilikuwa kwenye kamba, na juu yake kulikuwa na alama tano za vidole vidogo. Mke wangu, aliyefika usiku wa jana yake, alikuwa amekaa kibarazani anakunywa chai na kuwatazama.

"Ulikuwa unawaona?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nawaona."

Nilichota maji nikafua lile koti mara tatu.

Sasa imepita miezi kadhaa. Sweta anafunga mwenyewe, vifungo vyote, ingawa wakati mwingine anaanzia tundu la pili. Darasani anagombana na wenzake na kupatana nao. Dawa ya minyoo anapewa kwa wakati wake, na mikono ananawa kwa sabuni kabla ya kula, hayo sikuyalegeza. Lakini bafu letu limeziba mara mbili mwezi huu, na wiki iliyopita nilipiga magoti nikivuta tope kwa waya, huku yeye amesimama mlangoni akiniuliza kama anaweza kusaidia. Nikamwambia hapana. Akaingia hivyo hivyo, akapiga magoti pembeni yangu na kutia mkono kwenye bomba mpaka kwenye kiwiko.